Deni la Taifa na Sisi Tulioko Gulfton

(Mazungumzo mbele ya Watanzania wa Houston)



Nianzie hapa hapa tulipokaa. Majengo haya ya Gulfton hayakujengwa kwa ajili yetu. Yalijengwa hasa miaka ya 1970, kwa vijana waliomiminika Houston kufuata kazi za mafuta. Wenye majengo walikopa wakiamini neema haina mwisho. Bei ya mafuta ilipoporomoka miaka ya 1980, wapangaji wakaondoka, mikopo ikabaki. Ndipo vyumba vikapangishwa kwa bei chee kwa wahamiaji. Kwa hiyo, ndugu zangu, kila siku tunalala ndani ya somo la deni.

Turudi nyumbani. Mimi si katika wanaosema kukopa ni dhambi. Hata Marekani inakopa. Maswali yangu ni matatu: nani anakopa, anakopa kwa kazi gani, na nani anamkagua?

Sisi tulishasamehewa. Novemba 2001 tulikamilisha masharti ya HIPC, na mwaka 2006 IMF na Benki ya Dunia wakatufutia tena. Lakini katika mwaka huo huo wa fedha wa 2005/06, kampuni 22 zilichotewa shilingi bilioni 133 kutoka akaunti ya EPA pale Benki Kuu. Akaunti ile ilikuwa ya madeni ya zamani ya waagizaji bidhaa, enzi za uhaba wa fedha za kigeni. Ukaguzi uliotangazwa Januari 2008 ulikuta kampuni 13 kati ya hizo zimelipwa kwa nyaraka za kughushi. Yaani mlango wa mbele tunaomba msamaha, mlango wa nyuma deni linageuzwa mtaji wa wajanja!

Desemba 2021 Spika Job Ndugai alihoji deni lililofika shilingi trilioni 70. Akaomba radhi, na tarehe 6 Januari 2022 akajiuzulu. Ukimkubali au usimkubali, jiulize: kama Spika hana ubavu wa kuhoji, mbunge wa kawaida atathubutu?

Sheria ya Mikopo ya mwaka 1974 inampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa. Bunge linapitisha jumla ndani ya bajeti. Pendekezo langu ni dogo: kila mkataba wa mkopo uwekwe mezani bungeni kabla ya kusainiwa, ukionyesha riba, muda na mradi wenyewe.

Najua wapo watakaosema, sisi huku hata kura hatupigi, yanatuhusu nini? Dola unayomtumia mama inanunua sabuni na sukari, na juu yake mama analipa kodi. Kodi hiyo ndiyo inayolipa deni. Tunalipa, ndugu zangu. Anayelipa ana haki ya kuona risiti.

Naomba kuwasilisha.