Mizinga Isiyofyatuliwa: Namna ya Kusoma Ngao ya Watu wa Bohari

Miongoni mwa wanajeshi wa Uingereza umedumu mzaha kwamba matufe matatu ya chuma yaliyo juu ya ngao ya Royal Army Ordnance Corps, kikosi kilichotunza na kugawa silaha na vifaa, ni makubwa kuliko midomo ya mizinga iliyochorwa chini yake, na kwamba kosa hilo linawafaa watu wa bohari, ambao siku zote huleta risasi zisizoingia kwenye bunduki. Mzaha huo ungeachwa upite lau wengine wasingalijenga juu yake hoja nzito, kwamba vikosi visivyokaa mstari wa mbele huazima silaha za wapiganaji ili kusitiri unyonge wao, na kwa kuwa havizijui, hukosea hata kuzichora. Hoja hiyo ndiyo inayojibiwa hapa. Historia ya kikosi chenyewe, kilichopata jina hilo mwaka 1918 na kumezwa na Royal Logistic Corps mwaka 1993, inajulikana vya kutosha.

Heraldiki, yaani elimu ya nembo za ngao, huanza na maneno kabla ya picha. Maelezo rasmi ya nembo, yanayoitwa blazoni, hutaja kitu, idadi yake, rangi yake na mahali pake, lakini hayatoi vipimo, na mchoraji huachiwa aijaze nafasi aliyopewa. Katika ngao ya kifalme ya Uingereza, simba wa Uskoti na kinubi cha Ireland hujaza robo zilizo sawa, wala hajasikika mtu akilalamika kwamba kinubi kimekuwa kikubwa kama simba. Anayepima matufe kwa rula, basi, anasoma ngao kama mchoro wa fundi mitambo, na kosa analoliona ni la macho yake.

Upande wa pili wa hoja, ule wa kuazima, unahitaji subira zaidi. Ngao hii ilirithiwa kutoka Bodi ya Ordnance, ofisi iliyosimamia silaha za taifa hilo hadi ilipovunjwa mwaka 1855, na ni kweli kwamba wapiga mizinga nao walikuwa chini ya Bodi hiyo, kwa hiyo mtu anaweza kudai kwamba mizinga ni yao. Hata hivyo, beji ya Royal Artillery, kikosi cha wapiga mizinga, ina mzinga mmoja na neno la Kilatini *Ubique*, maana yake "kila mahali", ilhali ngao ya Bodi ina mizinga mitatu ya dhahabu katika uwanja wa bluu, mmoja juu ya mwingine, na matufe yametengwa peke yake katika kichwa cha ngao, yaani ule ukanda wa juu, wenye rangi ya fedha. Mizinga haifyatuliwi ikiwa imepangwa namna hiyo; huhesabiwa.

Wanaoishikilia ngao huku na huku katika nembo kamili ya Bodi ni majitu mawili yenye jicho moja, moja likiwa na nyundo na jingine na koleo, na hapa msomaji anastahili kutua, kwa sababu katika visa vya Wagiriki na Warumi majitu hayo hayakuwa mashujaa wa vita bali wahunzi waliomfulia mungu mkuu radi zake. Kaulimbiu ya Kilatini, *Sua tela tonanti*, inamaanisha "silaha zake kwa mwenye kunguruma". Mwenye kunguruma ni mwingine. Wenye ngao wanakiri kuwa wao humfikishia tu. Ni vigumu kupata katika heraldiki yote ya kijeshi ungamo la wazi kuliko hilo, na waliodai kwamba watu wa bohari wanajifanya wapiganaji hawakuisoma kaulimbiu.

Mwandishi wa maneno haya aliwahi kumshuhudia mtunza bohari mmoja, mzee asiyeijua heraldiki hata kwa jina, akimkaripia kijana aliyeweka misumari rafu moja na nyundo, kwa kuwa kinachotumika na kwisha hakihesabiwi pamoja na kinachorudishwa. Mzee huyo angeielewa ngao ya Bodi bila mkalimani: mizinga hurudi, matufe hayarudi.

Haina budi kukubaliwa kwamba beji ya Royal Logistic Corps imeunganishwa kama nguo ya viraka, kwani nyota imetoka kwa wasafirishaji, shada na mshipi kwa watu wa posta, mashoka mawili kwa vibarua wa kijeshi, na kaulimbiu, "Tunategemeza", kwa wapishi. Wakosoaji wanaosema haina wazo moja wana haki. Lakini ngao ya bohari imewekwa katikati, na matufe yake yangali juu, mbali na mizinga.