Musi ya Mawaridi na Limau: Tamutamu ya Futari Isiyo na Shaka



Ndugu zangu vijana, mama zetu, baba zetu na nyinyi watoto mlioketi mbele, alhamdulillahi tumefikishwa tena Ramadhan. Mada ya leo imewachekesha wengine tangu mlangoni. Eti tamutamu ya mawaridi na limau! Nimemsikia mmoja akiuliza, "Hii ni darsa au ni jikoni?" Namjibu kwamba ni yote mawili, na nikimaliza mtaona kwa nini.

Tazama mambo yanavyokwenda siku hizi. Zamani futari yetu ilikuwa tende, uji, kaimati, vitumbua, tambi, na pengine mkate wa sinia. Hivyo bado vipo na vitaendelea kuwepo, inshallah. Lakini vijana wameona vitu vingine: vile vikombe vya kioo vyenye krimu laini kama pamba, juu yake rangi ya waridi, harufu imejaa nyumba nzima. Kinaitwa musi. Watu wanainunua madukani kwa bei ya kukata roho, na wakialikwa mahali kila mmoja anataka kumpita mwenzake kwa alichobeba.

Hapo yanazuka maswali matatu ambayo kijana Muislamu hafai kuyakimbia. La kwanza, ndani ya hicho kikombe mna nini? La pili, nani amekitengeneza, na amepoteza saa ngapi za ibada yake? La tatu, pesa iliyotumika ingemfuturisha nani? Ukiyajibu matatu haya vizuri, kula kwa raha zako. Na jibu jepesi ni kuitengeneza mwenyewe nyumbani.

Musi ni nini?

Neno lenyewe ni la Kifaransa na maana yake ni povu. Basi usiogope jina. Ni povu tu lililofungwa lisikimbie. Ukipiga krimu ya baridi, hewa inaingia ndani kwa vipovu vidogo vidogo, na mafuta ya maziwa yanavizunguka vile vipovu na kuvishika. Ndiyo sababu krimu inataka baridi: ikipata joto mafuta yanalegea, hewa inatoka, na unabaki na maji maji. Na ukiipiga kupita kiasi mafuta yanashikana yenyewe kwa yenyewe, unapata siagi. Kwa hivyo siri ya kwanza ni baridi, na ya pili ni kujua pa kuachia.

Kitu kinachogandisha

Sasa tufike penye shaka. Musi nyingi za dukani hugandishwa kwa gelatini. Gelatini hutolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama. Kuna ya nguruwe, kuna ya ng'ombe, kuna ya samaki. Kwenye karatasi ya bidhaa pengine utaona jina lenyewe, pengine utaona namba E441 peke yake. Ya nguruwe hapana haja ya kuieleza. Ya ng'ombe, swali ni je, alichinjwa kisharia? Wanavyuoni wana maneno yao juu ya kitu kilichogeuka kabisa hali yake ya asili, na hilo tuwaachie wenyewe. Mimi na wewe jikoni tunahitaji njia nyepesi, na dini yetu imetufundisha kuliacha lenye kututia shaka tukashika lisilo na shaka.

Na lisilo na shaka tunalo siku zote! Ni chaina grasi, ile ile mama zetu wanayotilia faluda na pudini. Yatokana na mwani wa baharini, haina mnyama ndani. Kwenye karatasi huandikwa E406. Tena kwa sisi watu wa joto ina faida mbili. Gelatini huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 35, yaani Mombasa stima ikipotea tamutamu inaanza kutoa machozi. Chaina grasi ikishaganda haiyeyuki mpaka ifikie karibu nyuzi 85. La pili, haihitaji friji ili igande. Lakini ina masharti yake: lazima ichemke kweli kweli, kuloweka tu hakutoshi, na isichemshwe pamoja na limau, kwa sababu ukali wa limau ukikutana na moto huivunja nguvu.

Maji ya mawaridi

Harufu ya mawaridi si ngeni kwetu. Nani hapa hajanyunyiziwa mrashi harusini au kwenye maulidi? Ndugu zetu wa Oman, huko Jabal Akhdar, wanavuna mawaridi kila msimu wa mavuno na kuyatonesha kwa mvuke: maua yanapikwa, mvuke unapanda, ukipozwa unageuka maji yenye harufu. Elimu hii ni ya kale kwa Waislamu. Al-Kindi, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki karibu mwaka 873, ametajwa kwa kitabu kizima kuhusu manukato na kutonesha. Na Tunisia, katika mji wa Nabeul, wanatonesha maua ya mdanzi. Ndiyo, mdanzi ule ule tuujuao, wenye machungwa makali! Ukipata maji ya maua ya mdanzi, tumia badala ya mawaridi, yanapendana sana na limau.

Lakini sikilizeni jambo hili vizuri. Chupa ya kunyunyizia watu na chupa ya kula ni vitu viwili. Nyingine zimetiwa manukato ya dawa na hazikusudiwi kumezwa. Nunua iliyoandikwa kuwa ni ya chakula. Na wale mtakaotaka kupamba kwa maua yenyewe, msichukue mawaridi ya kuuzwa mafungu. Yale ya mashamba makubwa kama ya Naivasha hukuzwa kwa ajili ya vyombo vya maua na hupigwa dawa za wadudu. Kama una mti wako nyumbani usiopigwa dawa, sawa. Kama huna, ganda la limau latosha kupamba.

Mahitaji (vikombe vidogo 10)

Krimu ya kupiga, mililita 500 (angalia karatasi, mafuta yafike asilimia 35 au karibu yake)
Maziwa mazito matamu ya kopo, kopo moja la karibu gramu 400
Maji, mililita 150
Chaina grasi ya unga, kijiko kimoja cha chai, kisijae sana
Maji ya limau au ndimu, mililita 100, yachujwe mbegu
Ganda la limau moja na la chungwa moja, yaliyokwaruzwa
Maji ya mawaridi, vijiko viwili vya chai
Chumvi, chembe tu

Hakuna yai hapa, na nimeliacha makusudi. Musi nyingi za asili hutiwa mayai mabichi, na yai bichi si zuri kwa mama mjamzito, mtoto mdogo wala mzee. Futari ni ya nyumba nzima, basi tusimtoe mtu.

Namna ya kutengeneza

Kwanza, weka bakuli na ile waya ya kupigia mayai ndani ya friza kama dakika 20. Krimu ikae friji mpaka dakika ya mwisho.

Pili, kwaruza ganda la limau na la chungwa. Chukua ile rangi ya juu tu. Ukifika kwenye weupe simama, huo ni uchungu mtupu. Harufu yote ya tunda imo kwenye mafuta ya ile rangi. Kisha kamua limau, chuja, weka kando. Limau lisitoke kwenye friji, liwe la joto la nyumba.

Tatu, piga krimu ndani ya lile bakuli la baridi. Ikianza kusimama kilima laini, ncha yake ikiinama, acha hapo hapo. Rudisha friji.

Nne, tia chaina grasi na yale maji kwenye sufuria ndogo, koroga, washa moto. Ikishachemka iache itokote dakika mbili au tatu huku ukikoroga mpaka usione chembe. Punguza moto, mimina maziwa ya kopo na chumvi, koroga dakika moja, epua. Iache ipoe kidogo mpaka kidole kivumilie, lakini iwe bado moto. Ikiwahi kuganda usilie, irudishe motoni, itayeyuka tena. Ndiyo maana limau halijaingia bado.

Tano, na hapa fanya haraka: tia maji ya limau, maganda na maji ya mawaridi. Utaona maziwa yanakuwa mazito palepale. Si kwamba yameharibika. Ukali wa limau unazishika protini za maziwa, na utamu na uzito wa maziwa hayo huzuia yasikatike mabonge. Chota thuluthi ya krimu, changanya kwa nguvu mpaka ilainike. Kisha tia iliyobaki kwa mara mbili, ukigeuza kutoka chini kuja juu kwa mwiko mpana, polepole, usiitoe ile hewa uliyoihangaikia.

Sita, gawa kwenye vikombe, funika, weka friji saa tatu au zaidi.

Kuhusu mawaridi, usizidishe. Vijiko viwili vikionekana vichache, ongeza nusu siku nyingine. Chupa hazilingani nguvu, na ukizidisha mgeni atahisi anakula sabuni.

Krimu ikiwa ghali, chukua nusu yake tu, na nusu ya pili weka mtindi mzito uliochujwa kwa kitambaa safi usiku kucha. Utie mtindi huo pamoja na ile thuluthi ya kwanza, usiwe wa baridi kali. Musi itakuwa nzito kidogo, lakini tamu na nafuu.

Itengenezwe lini?

Ushauri wangu ni usiku, baada ya tarawehe. Kwanza utaonja bila wasiwasi wa swaumu. Pili, kesho yake mchana jikoni kutakuwa na kazi moja pungufu, na mama atapata nafasi ya kushika msahafu kabla ya magharibi. Kazi yote ni kama dakika 40, na friji inafanya iliyobaki.

Na hapa nawageukia nyinyi wavulana mliokaa nyuma mkijifanya hayawahusu. Kupiga krimu kunataka mkono wenye nguvu. Mkono wa kutupia mpira unao, wa kupiga krimu huna? Mtume wetu, swallallahu alayhi wasallam, imepokewa kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Basi kijana anayengoja kuwekewa sahani kila siku, amejifunza kwa nani? Ramadhan ni mwezi wa mama pia. Naye anafunga, naye anataka kusali tarawehe bila mgongo kumuuma.

Kiasi

Sasa neno la afya. Maziwa ya kopo, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Gawa kwa kumi, na bado kila kikombe kina sukari kama vijiko vitano vya chai. Ndiyo sababu nimesema vikombe vidogo. Usivunje swaumu kwa musi. Anza na tende na maji, sali, kula chakula chako, kisha kikombe kimoja. Mwenye kisukari afuate maneno ya daktari wake, na sisi tusimlazimishe kwa kumwambia "onja tu kidogo, ni Ramadhan". Huko si kumpenda. Na kwenye joto letu isikae nje zaidi ya saa moja. Ndani ya friji itastahamili siku mbili.

Qur'an katika Suratul Aaraf, aya ya 31, imetuamrisha tule na tunywe bila israfu. Israfu si aina ya chakula. Mtu aweza kufanya israfu kwa kaimati, na mwingine akala musi bila israfu. Israfu ni kutengeneza vikombe 20 kwa watu watano, ukatupa 15. Ni kupika ili jirani aone, si ili jirani ale.

Kwa hivyo nawaachia amali moja. Katika vile vikombe 10, hesabu viwili kabla hujagawa cha kwako. Kimoja kipeleke kwa jirani kabla ya adhana, kama wazee wetu walivyokuwa wakipelekeana sahani. Cha pili kipeleke kwa yule ambaye nyumbani kwake hakuna friji wala krimu. Usimpelekee mabaki, mpelekee kile kilichopambwa vizuri zaidi. Mtoto wa nyumba ile naye ana macho, naye anatamani kitu kizuri mbele yake wakati wa magharibi, na haki ya kitu kizuri si ya wenye pesa peke yao.

Mwenyezi Mungu atukubalie funga zetu, atuhalalishie riziki zetu, awape mama zetu nguvu na atupe sisi mikono ya kuwasaidia. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.