Lugha na Sura ya Jarida la Muziki: Funzo kwa Vijana wa Redio wa Hombo

(Mada kwa semina ya vijana watangazaji na wapenzi wa muziki, Hombo)

1. Utangulizi



Jarida la muziki lina kazi ngumu: linauzia macho kitu cha masikio. Karatasi haiimbi. Hata hivyo watu wamenunua majarida haya kwa miaka mingi, wakayahifadhi, wakabandika kurasa zake ukutani. Hoja yangu ni moja: jarida humvuta msomaji pale linapojua kwanza linasema na nani. Lugha na sura hufuata uamuzi huo.

Hoja hii inatuhusu sisi wa Hombo, mpakani mwa Walikale na Kalehe. Kwenye barabara hii ya Bukavu na Walikale nyimbo hupita upesi kuliko magazeti. Wimbo wa mwanamuziki Innoss'B wa Goma hutufikia kwa simu na kadi ya memori. Jarida la kutueleza habari zake halifiki. Atakayetaka kuandika juu ya muziki unaopendwa hapa, itambidi aanze mwenyewe.

2. Lugha humwalika nani?

Mwaka 1968, mjini Kinshasa, Freddy Mulongo na Achille Ngoie walianzisha jarida la vijana, Jeunes pour Jeunes. Magazeti makubwa ya wakati ule yaliandikwa kwa Kifaransa cha shuleni. Wao, katika hadithi zao za picha, waliwapa wahusika Hindubill, lugha ya vijana wa mitaa ya Kinshasa, yenye Lingala, Kifaransa na maneno ya kubuni. Kijana aliyekaripiwa darasani kwa maneno hayo sasa aliyakuta yamechapwa, tena yana picha. Ndipo alipojua kwamba jarida hili ni lake.

Kenya walifanya jambo linalofanana na hilo Februari 2010, lilipoanza jarida la katuni Shujaaz. Liliandikwa kwa Sheng, likagawiwa bure ndani ya gazeti na kwa mawakala wa M-Pesa. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana anayerusha matangazo ya redio kwa siri akijiita DJ B. Mafunzo ya kilimo na maisha yalipitia kinywani mwa mpiga muziki, kwa lugha ya rika lake.

Lakini lugha ya kijiwe ina gharama. Inamkaribisha mmoja na kumfungia mwingine, na huchakaa haraka. Hapa kwetu tuna Kitembo na Kinyanga nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa shuleni, Lingala katika nyimbo. Tukizimwaga zote katika ukurasa mmoja, hakuna atakayejiona mwenyeji. Shauri langu ni kwamba habari iandikwe kwa Kiswahili chetu cha Kongo, namna tunavyokisema. Majina ya ngoma, ala na michezo yabaki katika lugha ya wenyewe.

Kuna njia nyingine ya kutumia lugha. Smash Hits la Uingereza, lililoanza 1978, lilijulikana kwa kuchapa maneno ya nyimbo zilizovuma. Msomaji alinunua ili aimbe bila kukosea. Hapa wengi wetu tunaimba Lingala tusiyoielewa vizuri. Ukurasa unaoeleza kwa Kiswahili wimbo unasema nini ungesomwa hata na asiyependa kusoma.

3. Sura husema kabla ya maneno

Angalieni mambo matatu. La kwanza ni jina la jarida kwenye jalada. Kerrang!, jarida la muziki mzito lililoanza 1981, limeandika jina lake kwa herufi zilizopasuka. Asiyejua Kiingereza anatambua kwamba humo ndani kuna kelele.

La pili ni orodha. Tarehe 14 Novemba 1952, New Musical Express la London lilichapa orodha ya kwanza ya santuri zilizouzwa zaidi Uingereza, baada ya kupigia maduka simu. Orodha husomeka upesi, huzua ubishi, na humrudisha msomaji juma lijalo aone nani amepanda na nani ameshuka. Sisi tunaweza kuwauliza vijana wanaojaza nyimbo kwenye simu sokoni: ni upi ulioombwa zaidi juma hili?

La tatu ni alama. The Source la Marekani lilianza 1988 kama karatasi tu ya habari, kazi ya wanafunzi wa Harvard, David Mays na Jon Shecter, kwa wasikilizaji wa kipindi chao cha redio. Baadaye lilipima albamu kwa mikrofoni. Bora kabisa ilipata tano, kama Illmatic ya Nas mwaka 1994. Mchoro mdogo ukawa hukumu iliyojadiliwa na rika zima.

4. Bila uaminifu, sura ni pambo

Mwaka uleule wa 1994, Mays wa The Source aliingiza katika jarida hilo makala kuhusu kundi aliloliunga mkono, Almighty RSO, bila wahariri wake kujua. Shecter na wenzake wengi wakaondoka.

Sisi Wakongo tunaijua hatari hii. Mwanamuziki hulipwa atupe mabanga, yaani amtaje mtu kwa sifa ndani ya wimbo. Hayo ni ya muziki, na wasikilizaji wanajua. Lakini mwandishi akipokea kupaji, yaani pesa ya pembeni, ili asifu albamu, msomaji hajui. Siku atakapojua, mikrofoni tano hazitamwambia kitu, hata zikichorwa kwa rangi ya dhahabu.

5. Mapendekezo

Tuanze na ukurasa mmoja wa fotokopi kila mwezi, ubandikwe sokoni na upigwe picha ya kutumwa kwa WhatsApp. Herufi ziwe kubwa za kusomeka kwenye simu ndogo, na picha iwe moja iliyo wazi. Uwe na orodha ya mwezi, wimbo mmoja ulioelezwa, na habari ya mpiga ngoma mmoja wa hapa. Kilicholipiwa kiandikwe TANGAZO.

6. Maswali ya majadiliano

Msomaji wetu wa kwanza ni nani: mwanafunzi, mama wa sokoni, au mchimba madini? Je, mzee asiyesoma asomewe ukurasa huu redioni? Na nani atakayekataa pesa ya msanii akiwa rafiki yake? Tukishajibu hili la mwisho, mengine tutayapanga kwa penseli na rula.