Uraia Hausomwi Usoni

Kila nchi ina haki ya kujua nani anaishi ndani yake, na Idara ya Uhamiaji hutimiza wajibu wa kisheria inapokagua vibali. Ila ukaguzi uanze na nyaraka au kosa linaloshukiwa, usianze na lafudhi. Muha wa Kigoma anazungumza lugha iliyo karibu sana na Kirundi, na Wamakonde wako ng'ambo zote mbili za Mto Ruvuma, kwa sababu mipaka ilichorwa na wakoloni, si na wenyeji. Operesheni Kimbunga, msako wa wahamiaji haramu wa mwaka 2013 kule Kagera, Kigoma na Geita, iliondoa maelfu ya watu, wakiwemo waliosema ni Watanzania, na familia zikatengana.

Wapo wanaoitetea operesheni hiyo wakisema majambazi wenye silaha walivuka mpaka. Ni kweli, na hofu ya wanavijiji ilikuwa ya haki. Lakini mhalifu mwenye kitambulisho cha kughushi na Kiswahili fasaha atapita bila kuulizwa, huku fundi cherehani wa Temeke, mzaliwa wa Kasulu huko Kigoma, akiweza kushushwa kwenye daladala kwa matamshi yake tu. Hapo usalama umeongezeka wapi? Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi wa kabila, rangi na mahali mtu alipotokea. Ukihojiwa, jibu kwa utulivu na uonyeshe kitambulisho chako cha NIDA. Ukishikiliwa, uliza sababu, na ndugu zako wamjulishe mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema.