Siku Moja Katika Mto Tamar na Machimbo ya Shaba

Kusini-magharibi ya Uingereza upo mto uitwao Tamar, nao ndio mpaka wa majimbo mawili, Devon na Cornwall. Apendaye kuona mambo ya kale aweza kuuona mto huo, pamoja na machimbo ya shaba yaliyoupatia sifa, kwa siku moja tu.

Safari huanza katika bandari ya Plymouth. Saa ya kuondoka hufuata bahari, kwa maana maji yakipwa vyombo haviwezi kupanda mbali. Mashua hupita chini ya daraja la chuma lililojengwa na Isambard Kingdom Brunel na kufunguliwa mwaka 1859, kisha huufuata mto unaopindapinda baina ya misitu na matete hata kijiji cha Calstock, penye daraja la reli lenye matao 12.

Kutoka hapo watembezi huenda kwa gari mpaka Morwellham, gati la zamani. Mwaka 1817 ulifunguliwa mfereji wa kuunganisha gati hilo na mji wa Tavistock, nao ulipenya chini ya kilima kwa njia yenye urefu wa zaidi ya kilometa 2. Tena mwaka 1844 shaba nyingi mno ilivumbuliwa karibu na hapo, katika machimbo yaliyoitwa Devon Great Consols. Hisa iliyonunuliwa kwa pauni 1 ilipata kufikia bei ya pauni 800.

Yafaa kukumbuka kwamba utajiri huo haukuwafikia wote. Katika mgodi wa George and Charlotte treni ndogo huwaingiza watembezi ndani ya mlima, wakaona giza ambamo wachimbaji walifanya kazi kwa mwanga wa mishumaa. Nje, wanawake na watoto walivunja mawe kwa nyundo. Shaba ilipopungua, Devon Great Consols ilitoa aseniki, sumu kali, na wafanya kazi wake walijiziba pua kwa pamba na kujipaka udongo usoni ili wasidhurike.

Reli ilipofika Tavistock mwaka 1859, mizigo ililihama gati. Baadaye machimbo yalifungwa, na wachimbaji wengi wa sehemu hizo wakavuka bahari kutafuta kazi Australia, Marekani na Afrika ya Kusini. Mwaka 2006 shirika la UNESCO liliitia sehemu hiyo katika orodha ya urithi wa dunia.

Wahenga walinena, ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi mtembezi akirudi Plymouth jioni, na ayakumbuke majina ya matajiri waliopata faida. Lakini asiwasahau wale waliovunja mawe, ambao majina yao mengi hayakuandikwa popote.