Fremu Tupu



Ujamaa wa Azimio la Arusha, mwaka 1967, haukumkana Mungu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alihudhuria Misa. Kwingineko haikuwa hivyo. Nchini Poland, mwaka 1966, serikali ya Kikomunisti iliizuia picha ya Bikira Maria wa Częstochowa iliyokuwa ikipelekwa parokia kwa parokia. Waamini hawakurudi nyumbani. Walibeba fremu tupu na mshumaa, hata mwaka 1972, na mbele ya mbao zile watu walipiga magoti.

Nasi wa Ilomba? Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo hatuzuiwi na askari yeyote, na tunayemfuata ni Bwana mwenyewe. Lakini wengine wetu humchungulia dirishani akipita. Safari hii, ndugu zangu, fungeni maduka kidogo, mje na watoto.