Friji Nayo Inataka Kupumua



Siku hizi stima imefika vijiji vingi, na vikundi vinanunua friji ili viuze maziwa na soda baridi. Tukiwatembelea tunakuta nyingi zimesukumwa kwenye kona, mgongo umegusa ukuta, na jiko liko papo hapo. Halafu tunaulizwa: mbona tokeni zinaisha haraka na maziwa yanaharibika?

Jambo lenyewe ni hili. Friji hutoa joto lililo ndani na kulimwaga nje, kwa mgongo au kwa ubavu. Joto likikosa njia, mashine inanguruma bila kupumzika, inakula stima na kuchakaa mapema.

Kwa hivyo, kabla fundi hajajenga kabati za jikoni, pimeni kwa tepu. Fuateni vipimo vya kitabu cha friji. Kama kimepotea, acheni kama sentimita 10 nyuma na kila upande, na zaidi juu. Mlango ufunguke wote. Jiko liwe mbali, jua lisiipige, sakafu iwe sawa. Juu yake msirundike magunia.

Ndani, maziwa yakae nyuzi 4 au chini yake. Yakipata joto, mteja ataugua tumbo na kikundi kitapoteza jina.

Basi katika mkutano ujao, chagueni wawili wakapime. Pesa za kikundi ni jasho la wengi.